Waja Leo, Waondoka Leo: Juu ya Ruhusa Zisizoisha Kwenye Seva Zetu

Hotuba iliyotolewa jijini Tanga mbele ya maafisa TEHAMA, watengenezaji wa programu na wanafunzi wa vyuo. Imehaririwa kidogo kwa ajili ya kusomwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, maafisa TEHAMA mliotoka wilayani, ndugu zangu watengenezaji wa programu, wanafunzi, mabibi na mabwana: assalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya zana za chanzo huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, zinazotumika kudhibiti nani anaingia kwenye klasta, na namna ya kuzilinda seva zenyewe. Mada ni pana na muda niliopewa ni nusu saa, kwa hiyo naomba radhi mapema kwamba sitapita kwenye kila zana. Nitashika jambo moja: kumpa mtu ruhusa ni kazi ya dakika mbili, lakini kumwondolea ndiko kwenye shughuli, na zana ninazozithamini kuliko nyingine ni zile zinazoifanya ruhusa iishe yenyewe hata kama hakuna aliyekumbuka kuiondoa.

Mji huu una msemo wake, waja leo waondoka leo, na wenyeji mnaujua mzaha uliomo. Mgeni hushuka stendi na begi dogo, akasema kesho anarudi Dar es Salaam, na baada ya miaka kumi unamkuta ana watoto watatu na kiwanja Pongwe. Kwa mgeni hiyo ni heri. Kwa ufunguo wa seva ni balaa, kwa sababu nao hutolewa kwa maneno yale yale, "ni wa leo tu, kuna kitu narekebisha," kisha ukahamia.

Kwa ambao hawajaizoea, klasta ni kundi la seva zinazofanya kazi pamoja kana kwamba ni mashine moja. Programu inayoyasimamia makundi hayo katika ofisi nyingi leo ni Kubernetes, ambayo Google waliitangaza mwaka 2014, toleo lake la 1.0 likatoka Julai 2015, na mradi wenyewe ukakabidhiwa kwa CNCF, taasisi iliyo chini ya Linux Foundation. Jina ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani, na nembo yake ni usukani wa meli. Sisi wa pwani hatuhitaji kueleweshwa zaidi, hasa kwa kuwa hata mizigo inayoibeba, yaani programu zilizofungashwa pamoja na vyote zinavyohitaji, huitwa kontena.

Kila jambo katika klasta hiyo hupita mlango mmoja, nao ni seva ya API. Lori linapofika kwenye geti la bandari, dereva huulizwa yeye ni nani, kisha pasi yake inamruhusu kufika wapi, kisha amebeba nini. Seva ya API nayo huuliza maswali hayo matatu kwa mpangilio huo huo, na jibu likikosekana popote, ombi hurudishwa kabla halijafika kwenye kanzidata ya etcd ambamo hali yote ya klasta huhifadhiwa. Sehemu kubwa ya zana tunazozungumzia leo zipo ili kujibu mojawapo ya maswali hayo vizuri zaidi.

Swali la kwanza ndilo linalodharauliwa. Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba Kubernetes haina orodha ya watumiaji. Hakuna jedwali la majina na nywila unaloweza kulifungua ukamfuta mtu. Mtu akija na cheti, yaani faili la kumtambulisha, kilichosainiwa na mamlaka ya vyeti ya klasta, jina lililoandikwa ndani ya cheti ndilo jina lake na kundi lililoandikwa humo ndilo kundi lake, basi. Naomba nieleze nilivyojifunza maana ya jambo hilo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa klasta ya taasisi moja ambayo sitaitaja. Aliyeijenga alikuwa fundi wa mkataba, kijana hodari, na alipomaliza alilipwa, akaagwa kwa soda na keki, akaenda zake. Mimi nikatumiwa faili la admin.conf, lenye cheti cha msimamizi wa klasta, kwa WhatsApp. Nikauliza nani mwingine analo, nikajibiwa, "Tunalo sote." Nikalipokea, nikalitumia, na nikakaa nalo miezi bila kuuliza tena, jambo ambalo ni kosa langu na si la mtu mwingine.

Siku nilipowasha daftari la ukaguzi, ambalo katika klasta zinazojengwa kwa kubeadm halijiwashi mpaka uandike sera yake na uielekeze seva ya API iisome, niliona ombi likija kila baada ya dakika kumi, mchana na usiku, kutoka anwani nisiyoijua, likisoma orodha ya podi zote, yaani vifurushi vya kontena vinavyoendeshwa na klasta. Nikatazama sehemu ya jina la mtumiaji. Imeandikwa kubernetes-admin. Nikashuka mistari michache nikajikuta mimi mwenyewe, na mimi pia ni kubernetes-admin. Mkuu wa kitengo ni kubernetes-admin, kijana wa zamu ya usiku ni kubernetes-admin. Watu wanne tulikuwa mtu mmoja, kwa sababu cheti kilikuwa kimoja.

Baada ya siku mbili za kupiga simu tuligundua kuwa ni skripti ya yule fundi, ambayo aliiacha ikizunguka kwenye kompyuta yake na akaisahau. Nilipompigia alishtuka kuliko mimi. "Kaka, lile faili bado linafanya kazi?" Linafanya, nikamwambia. Hakukuwa na wizi wala nia mbaya, lakini wiki ile sikulala vizuri, kwa sababu nilikwenda kutafuta namna ya kukifuta cheti kile nikakuta haipo. Cheti cha kubeadm hudumu mwaka mmoja, mamlaka iliyokisaini hudumu miaka 10, na Kubernetes haina utaratibu wa kukibatilisha cheti kabla ya tarehe yake. Baya zaidi, cheti kile kilikuwa cha kundi la system:masters, ambalo limeandikwa ndani ya msimbo wenyewe, na aliyemo humo hapimwi kwa kanuni yoyote ya ruhusa hata ukizifuta zote. Ikabidi tubadilishe mamlaka ya vyeti ya klasta nzima, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, seva moja baada ya nyingine.

Watengenezaji wa kubeadm wameliona tatizo hilo. Tangu toleo la 1.29 la Desemba 2023, admin.conf haina tena system:masters. Ina kundi la kawaida unaloweza kulinyang'anya ruhusa, na faili la pili, super-admin.conf, ndilo lililobaki na nguvu ile ya zamani. Kama klasta yenu ilijengwa kabla ya hapo, jioni ya leo ina kazi.

Dawa ya kudumu ni kuacha kugawa vyeti kwa watu. Zana huria za Dex na Keycloak husimama kati ya klasta na akaunti za ofisi: mfanyakazi huingia kwa akaunti yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, akapewa tokeni, yaani pasi ya kidijitali, ya muda mfupi. Akiacha kazi, akaunti ikafungwa, tokeni nyingine hapati. Ile iliyo mkononi mwake haifutiki, na kwa sababu hiyo hiyo lazima iwe ya dakika chache, au saa moja kwa wingi. Nimewahi kuona ofisi ikiweka saa 720 "ili watu wasisumbuke kuingia tena." Huo ni mwezi mzima, wamezunguka mji mzima na kurudi kwenye cheti kile kile cha WhatsApp.

Tena, kuwa na majina si suala la ustaarabu tu. Tangu 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na siku mtakapoulizwa ni nani aliyefungua taarifa za wagonjwa au wakopaji wenu, kubernetes-admin halitakuwa jibu.

Nije kwenye swali la pili, la pasi inafika wapi. Udhibiti wa ruhusa kwa kufuata wajibu, ambao kila mtu huuita RBAC, ulikomaa katika toleo la 1.8 mwaka 2017. Unaandika wajibu, yaani vitenzi gani vinaruhusiwa juu ya vitu gani, kisha unaufunga wajibu huo kwa mtu, kundi au programu. Kuna jambo moja ambalo wanaotoka kwenye mifumo mingine hulikosea: humu hakuna kukataza. Kanuni zote ni za kuongeza. Ukimpa mtu ruhusa tatu sehemu tatu, anazo zote tatu, na huwezi kuandika kanuni ya nne isemayo "isipokuwa hiki." Kwa hiyo ruhusa iliyozidi haizibwi kwa kanuni nyingine, sharti ukatafute iliyoileta.

Naomba tukae hapa kidogo, maana ndipo ninapoona makosa ya watu makini. Klasta hutunza nywila na funguo za programu katika vitu viitwavyo Secret. Kwanza, jina hilo linadanganya: kwa hali ya kawaida vilivyomo havijafichwa kwa usimbaji, vimegeuzwa tu kwa base64, namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida, ambayo mwanafunzi yeyote hapa atairudisha kwa amri moja, na usimbaji wa ndani ya etcd lazima uuwashe mwenyewe. Pili, vitenzi. Mtu huandika wajibu, akaondoa get, yaani kusoma kitu kimoja, kwenye Secret kwa uangalifu mkubwa, akabakiza list, yaani kuorodhesha, akidhani list ni kuona majina kama anayesoma vibao vya maduka kutoka barabarani. Sivyo. Jibu la list huja na yaliyomo yote. Umemfungia mlango wa duka moja na ukamkabidhi mtaa mzima. Tatu, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulikubali, anayeruhusiwa kuunda podi katika eneo fulani (namespace, sehemu ya klasta iliyotengwa kwa kazi yake) anaweza kuzisoma Secret zote za eneo hilo hata kama hana ruhusa yoyote juu yake, kwa sababu ataunda podi, ataifungia Secret ndani yake, na podi itamsomea.

Ndiyo maana hupenda kuanza na amri moja kabla ya zana yoyote ya kupakua. Tuseme katika eneo la malipo kuna programu inayotoa ripoti, nayo ina akaunti yake ya huduma. Andika:

kubectl auth can-i --list -n malipo --as=system:serviceaccount:malipo:ripoti

Litakuja jedwali. Programu ya ripoti ilipaswa kusoma vitu viwili au vitatu. Ukiona nyota upande wa vitu na nyota upande wa vitenzi, ujue programu hiyo inaweza kufuta kila kitu katika eneo hilo, na pengine klasta nzima. Kwa binadamu mwenye nyota ni mwenye bahati. Kwenye jedwali hili nyota ni za kuogopa. Ukifuatilia, mara nyingi utakuta usakinishaji uligoma jioni ya siku fulani, mtu akaifunga akaunti ile kwa cluster-admin, wajibu wenye ruhusa zote, ili tu aone kama itapita, ikapita, akaenda nyumbani.

Akaunti hizi za programu nazo zilikuwa na ugonjwa wa kuhamia. Kabla ya toleo la 1.24 la Mei 2022, kila akaunti ya huduma ilizaliwa na tokeni isiyo na mwisho, iliyokaa ndani ya Secret ikisubiri mtu wa kuiiba. Sasa podi hupewa tokeni yenye mwisho, hubadilishwa yenyewe wakati podi inaendelea, na podi ikifa nayo hufa. Lakini kupandisha toleo hakufuti tokeni za zamani mara moja, kwa hiyo klasta iliyoanza maisha kabla ya 2022 ikaguliwe kwa mkono.

Wanaodhani haya ni ya vitabuni wakumbuke Tesla. Februari 2018 watafiti wa RedLock walieleza kwamba dashibodi ya Kubernetes ya kampuni hiyo ilikuwa wazi kwenye intaneti bila nywila, wavamizi wakaingia, wakakuta ndani ya podi moja funguo za akaunti ya AWS, huduma ya Amazon ya kukodi seva, na wakaitumia klasta kuchimba sarafu za kidijitali. Hakuna aliyevunja chochote. Mlango haukuwa na komeo, na ndani funguo zilikuwa mezani.

Swali la tatu, la lori limebeba nini, nitalipitia haraka. Anayeruhusiwa kuunda podi asiruhusiwe kuunda podi ya namna yoyote, kwa mfano inayojipa mamlaka ya seva nzima iliyo chini yake. Kanuni za zamani za kazi hiyo ziliondolewa katika toleo la 1.25 mwaka 2022, na badala yake upo ukaguzi wa ndani wenye ngazi tatu, kutoka huria kabisa hadi ya kubana. Washeni huo kwanza, hauhitaji kusakinisha kitu. Mkihitaji kanuni zenu wenyewe, zipo Kyverno na Gatekeeper. Gatekeeper imejengwa juu ya OPA, injini huria ya kupima kanuni, na ina nguvu nyingi, lakini lugha yake ya Rego inahitaji mtu wa kukaa nayo. Kwa timu ya watu watatu ningechagua Kyverno, kwa kuwa kanuni zake huandikwa kwa YAML, muundo wa faili za mipangilio, ambayo tayari inawatesa kila siku. Trivy itawakagulia kontena kabla hazijapanda, kube-bench itawaonyesha mipangilio iliyolegea, na Falco itakaa macho kwenye kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, ikilia pale ambapo, kwa mfano, mtu amefungua sheli, dirisha la kuandikia amri, ndani ya kontena la kanzidata saa tisa usiku.

Najua katika ukumbi huu wapo wasio na klasta. Wana seva mbili, za mfumo wa shule au wa duka la dawa, na funguo za SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, za watu kumi na mmoja ambao sita hawajulikani waliko. Ninyi hamhitaji Kubernetes, na msikubali kuuziwa. OpenSSH mliyo nayo tayari inajua kutoa vyeti vyenye mwisho tangu toleo la 5.4 la Machi 2010, na nashangaa jinsi wachache wanavyovitumia. Unatengeneza ufunguo mmoja wa kusaini, unaweka mstari wa TrustedUserCAKeys kwenye mipangilio ya kila seva, kisha kila asubuhi anayeingia zamu unamsainia:

ssh-keygen -s ufunguo_mkuu -I zamu-asubuhi -n ubuntu -V +8h wake.pub

Hizo saa nane ndizo kiini cha hotuba hii. Zikiisha, mlango unamkataa, na hakuna aliyelazimika kwenda kufuta jina lake kwenye faili la authorized_keys la kila seva. Waja leo, waondoka leo, na safari hii kweli wanaondoka.

Nimekuwa nikisema "huria" kana kwamba neno hilo peke yake ni ulinzi. Machi 2024, mhandisi Andres Freund, ambaye pia ni mmoja wa watengenezaji wa kanzidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Mtu mwingine angenywa chai na kuendelea na kazi. Yeye alifuatilia akakuta mlango wa siri umepandwa katika xz, maktaba ya kubana data, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupanda alijiita Jia Tan, na alikuwa amejitolea kwenye mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili hadi akapewa ruhusa za msimamizi. Tazameni kilichotokea: haikuvunjwa nywila hata moja, mtu alipewa ruhusa kwa sababu aliyekuwepo alikuwa amechoka na mgeni alikuwa mwema. Chanzo kilichokuwa wazi ndicho kilichomwezesha Freund kufika chini ya jambo lile, na ndicho hicho hicho kilichompa Jia Tan pa kuingilia. Sina namna ya kuutenganisha ukweli huo.

Leseni nazo huhama. Vault, hazina ya siri inayotumiwa na wengi, iliondolewa na HashiCorp kwenye leseni huria Agosti 2023, na waliotaka kubaki huria wakaanzisha OpenBao, ambayo iko chini ya Linux Foundation. Kabla hamjaijenga ofisi juu ya zana moja, someni leseni yake na mwangalie ni nani anayeilipia mishahara.

Nimalizie kwa swali nililoulizwa mlangoni na kijana mmoja: je, tukifanya ruhusa zote ziwe za saa moja na mfumo wa kuingilia ukazima, nani ataingia kurekebisha? Hilo ni swali la mtu aliyewahi kukesha. Ofisi ninayofanyia kazi sasa ina klasta yake hapa hapa nchini, lakini mfumo wa kutoa tokeni tulikuwa tumeuweka kwenye seva za nje. Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora nchini kote, seva zetu zilikuwa zinaonekana kwenye mtandao wa ofisi, zinapumua, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuzigusa.

Tulichokuwa nacho ni bahasha. Ndani yake mna kijiti cha USB chenye cheti kimoja, kimefungwa kwa lakiri, kinakaa kwenye kasha la mhasibu pamoja na hati za gari, na anayekichukua husaini kwenye kauntabuku mbele ya mtu wa pili. Cheti hicho hakimo kwenye system:masters, maana tulishaumwa na nyoka huyo. Kina jina la kawaida tu lililofungwa kwa cluster-admin, kwa hiyo kikishatumika tunakifungua kile kifungo, jina linabaki bila ruhusa yoyote, na hata cheti kikizagaa mitaani hakimfungulii mtu. Jumapili ile tulimpigia mhasibu akaja na ufunguo wa kasha. Jina la ndani ya bahasha lilikuwa dharura-3. Jumatatu mchana lilikuwa halina ruhusa hata ya kuona podi, na ndani ya kasha ikaingia bahasha mpya, dharura-4, ambayo hadi leo haijafunguliwa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Kompyuta ziko tayari chumba cha pili. Mwenye klasta aje na faili lake la admin.conf, tuanze kwa kusoma jina lililoandikwa ndani.